Nusu Dozi ya Mwisho wa Mwezi

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Ni saa nzuri, inatembea, na tangu niitundike sijaitazama kwa haja yoyote, maana sina tena pa kuchelewa. Mliniomba pia niseme maneno mawili ya mwisho, nami nikasema mawili, "asanteni sana", nikakaa, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Niliyoyabakiza ndiyo haya.

Sitaandika habari za vyeo, maana nilipata vichache na vyote vilichelewa njiani, wala za mishahara, kwa sababu yenu mnaijua. Nitaandika habari za dirisha. Nimekaa nyuma ya dirisha la dawa karibu maisha yangu yote ya kazi: kwanza la mbao, kisha la nondo, mwisho lile la kioo chenye tundu ambapo mgonjwa anainama na kunong'ona utadhani anaungama. Mengi niliyoyajua niliyajulia kwenye lile la mbao, kituoni kwetu ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Kivukoni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Siku ya kwanza nilifika na sare iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Mzee Mponda, mtoa dawa wa kituo, aliitikia shikamoo yangu, akamwaga kopo zima la vidonge kwenye kisinia, akasema, "Hesabu." Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Akavirudisha vyote koponi, akavimwaga upya, akanipa kisu cha mezani kisicho na makali. Vidonge havishikwi kwa vidole, vinasukumwa kwa kisu, vitano vitano, mpaka viingie kwenye bahasha. Nilihesabu kopo lile mara tatu siku hiyo na kila mara nikapata jumla tofauti. Mzee hakunigombeza. Alisema tu kwamba kopo ni lile lile, kwa hiyo tulitafute tatizo mahali pengine.

Bahasha tulizikata wenyewe kutoka kwenye madaftari ya zamani ya shule, kwa hiyo mgonjwa wetu aliweza kwenda nyumbani na dawa ya kikohozi pamoja na hesabu za darasa la nne, nyingine zimekosewa. Upande ulio wazi tulichora jua linalochomoza, jua la utosi, jua linalozama, na mwezi kama dawa ilikuwa ya mara nne. Chini ya kila jua tulichora vidonge. Nilichora majua mengi sana maishani mwangu, na bado nachora vibaya.

Kisha kulikuwa na neno la Mzee. Akishamweleza mgonjwa, alifunika bahasha kwa kiganja na kusema, "Rudia." Mgonjwa arudie: ngapi, lini, kwa siku ngapi. Asiporudia sawasawa, kiganja hakiondoki. Watu wazima walichukia sana jambo hili. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe aliwahi kuambiwa arudie mara tatu mbele ya mkewe, na mkewe ndiye aliyemsaidia kumaliza. Mzee alisema dawa isiyoeleweka ni peremende chungu.

Na kulikuwa na utaratibu mmoja ambao nauandika hapa mapema, kwa sababu ndio chanzo cha yote. Dawa zilikuja kwa sanduku, moja kwa mwezi. Wiki ya kwanza tulikuwa matajiri. Wiki ya tatu makopo yalianza kupiga kelele ukiyatikisa. Ikifika wiki hiyo Mzee alikata kila dozi nusu. Aliyestahili vidonge ishirini vya septrini alipewa kumi, na wa kapsuli za rangi mbili vivyo hivyo. Hakuna aliyeondoka dirishani mikono mitupu. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema, nami niliona ni haki tupu. Watu walitembea nusu siku kutoka mashambani kuja kwetu, na kumwambia mama aliyebeba mtoto kwamba hakuna ni kazi ngumu kuliko kuhesabu. Pembeni ya jina tuliandika "nusu" kwenye daftari, kwa kuwa Mzee alikuwa mtu mkweli na daftari lake lilikuwa kweli tupu. Nilijifunza kuandika neno hilo kwa mwandiko mzuri.

Wakimbizi wa Msumbiji walitukuta hivyo. Wenzao wengi walikuwa kusini, karibu na mpaka. Hawa wetu zilikuwa kaya chache zilizotoka huko kutafuta vibarua, zikafuata mpunga mpaka bondeni. Kijiji kiliwapa mahali kando ya njia ya mtoni, wakajenga vibanda vya matete, wakapalilia mashamba ya watu na kukodi vijaruba vyao wenyewe. Kiswahili walikijua, ila kilikuwa na mwendo wake, na watu wetu waliwacheka. Wao nao walikuwa wakitucheka tukisalimiana Kindamba. Kwa hiyo hakuna aliyeonewa.

Kati yao alikuwepo mwanamke aliyeitwa Anjelina, sisi tukimwita mama Rosa kwa jina la bintiye wa miaka minne. Mumewe alikuwa Kidatu akikata miwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kiunoni alijifunga kanga moja kuukuu yenye maua mekundu, siku zote, hata siku aliyovaa mpya juu yake. Dirishani hakuwa na mfano. Ukimwambia arudie, alirudia kila neno kwa mpangilio wake, pamoja na kile kikohozi kidogo ambacho Mzee alikitoa kabla ya kutaja idadi ya siku. Mzee alifurahi mpaka akasema huyu angefaa kuajiriwa. Alinitazama aliposema hivyo, nami sikupenda.

Mwaka wa pili tangu waje, mpunga ukiwa unachanua, kuhara damu kukaingia. Kama mngeniuliza wakati ule kumeanzia wapi, ningejibu vibandani, bila hata kufungua daftari. Tulitoa septrini. Watu wakarudi. Tukatoa rangi mbili. Wakarudi tena, safari hii wamebebwa. Sanduku lilikuwa limekuja juzi, tulikuwa tunatoa dozi nzima, na bado dawa ilikuwa sawa na maji ya kisima. Kabatini, chini ya ufunguo wa Bwana Njohole, mganga mfawidhi wetu, kulikuwa na kopo moja dogo la dawa nyingine iliyosemekana bado inafanya kazi. Ilitosha watoto wachache. Bwana Njohole aliilinda sana. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na hofu yake ilikuwa moja: tukiichezea na hii, tutabaki na nini.

Rosa alipewa dozi nzima ya septrini, kisha nzima ya rangi mbili. Mara ya tatu mama yake alikuja peke yake, akasema mtoto hawezi kubebwa, anaumia akiguswa. Nikachukua baiskeli.

Nilimkuta Rosa amelala juu ya mkeka, macho yameingia ndani, ameshika pindo la ile kanga kuukuu ya mama yake. Niliomba bahasha. Nikaonyeshwa, tupu, majua yangu yakiwa palepale.

"Amemeza zote?"

"Amemeza, Nesi."

Nilipoinama kumpima mtoto joto, mkono wangu ukagusa lile pindo, nikasikia vipele ndani yake. Nikalivuta. Lilikuwa limeshonwa vifuko, kimoja baada ya kingine, urefu wote wa kanga, na kila kifuko kina kitu. Vidonge. Kapsuli nyekundu na nyeusi, nyingine zimevimba kwa jasho na maji ya mto, nyingine zimeshikamana.

"Mama Rosa, hizi ni nini?"

"Za safari."

"Safari gani?"

"Siijui. Hata ile ya kwanza hatukuijua."

Akakaa chini. Alinieleza akiwa anamwangalia Rosa, si mimi. Walikimbia na sufuria na kuku. Kuku walimla siku ya pili. Rosa alikuwa mgongoni, na kaka yake Joakimu alitembea kwa miguu yake. Joakimu akaanza kuhara damu kabla hawajauona mto Ruvuma, na katika watu wote wa msafara ule hakuna aliyekuwa na kidonge hata kimoja. Alikufa siku waliyovuka. Wakamzika upande wa huku.

"Nikikimbia tena, Nesi, nitakimbia na dawa."

Mngekuwa nyinyi mngenyamaza. Mimi nilikasirika. Ilikuwa hasira ya mwalimu aliyegundua kuwa mwanafunzi wake bora amekuwa akimchezea. Nilimwambia alikuwa akirudia maneno yote mbele yangu, neno kwa neno, kumbe anampa mtoto nusu na kushona nusu.

"Uliniambia nirudie," akasema, kwa upole kabisa. "Hukuniuliza zitakazobaki nitazifanyia nini. Mtoto akiacha kuhara, zinabaki."

Nilipouliza vibanda vingine, wanawake hawakuficha. Karibu kila mmoja alikuwa na pindo lake.

Tulimhamishia Rosa wodini kwetu, wodi ya vitanda vinne, tukampa maji na chumvi. Nilimweleza Bwana Njohole habari za pindo. Yeye akamweleza mwenyekiti, na mwenyekiti akaitisha mkutano kwenye ghala la chama cha ushirika. Niliitwa niseme nilichokiona. Nikasema. Nilieleza vizuri, kama nilivyofundishwa, hatua kwa hatua, mpaka aina za vidonge. Watu walikuwa wameshaogopa na wengine walikuwa na wagonjwa nyumbani. Mzee mmoja alikumbusha kwamba wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, akajibiwa kwamba wenyeji ndio hao wanaugua. Ikaamuliwa wakimbizi wawe wamehama ifikapo Jumamosi ya wiki inayofuata, maana kwa kula dawa nusunusu wameufundisha ugonjwa kuizoea dawa mpaka ukatushinda. Mpunga wao ulikuwa bado kijani.

Niliondoka pale nikijiona nimefanya kazi yangu. Nasema hili ili mlijue.

Bwana Njohole alitaka ushahidi wa kupeleka wilayani, na alitaka pia kujua kama ile dawa ya kabatini ingemfaa Rosa kabla ya kuifungua. Jumatatu akanituma Ifakara, kwenye maabara, na vichupa vyenye kitu kama mlenda, kila kimoja na kijiti chake cha pamba ndani, kimechovywa kwenye choo cha mgonjwa. Vingine vilitoka vibandani, vingine kijijini. Nilivuka na kivuko nikiwa nimevipakata kama mayai, nikavikabidhi, na Alhamisi nikarudi kuchukua majibu.

Fundi wa maabara alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakunipa karatasi moja kwa moja. Alinivuta mezani, akafunua visahani vyake na kunionyesha.

"Tazama, dada. Viduara hivi vya karatasi, kila kimoja kina dawa yake. Huu utandu ndio wadudu wenu. Dawa inayowaweza, wanakaa mbali nayo. Hiki kiduara ni cha nini?"

"Septrini."

"Wako wapi?"

Walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa kiduara. Kwenye rangi mbili hali ilikuwa hiyohiyo. Kiduara cha tatu kilikuwa na uwanja mweupe mpana, naye akaupima kwa rula ya shule iliyovunjika ncha. Ilikuwa ndiyo dawa ya kabatini, na kisahani kilikuwa cha Rosa. Nilishusha pumzi.

Nikamuuliza vipi ni vya wakimbizi na vipi ni vya kijijini. Akasema kwa kuviangalia tu hawezi kutofautisha, na hata kwa rula hawezi, vinafanana. Kisha akafungua daftari kubwa, akarudi nyuma kurasa nyingi, akasimamisha kidole.

"Huyu mzee wa kijijini kwenu aliletwa hapa na kuhara damu. Septrini ilikataa. Wakimbizi walikuja lini?"

Nikamwambia. Akasoma tarehe ya kwenye daftari, akaniangalia.

"Basi hawakuja nao hawa wadudu. Wamewakuta."

Aliniuliza kituoni kwetu mtu mzima anapewa vidonge vingapi vya septrini. Nikajibu ishirini. Akaniuliza na mwisho wa mwezi je. Nafikiri naye aliwahi kufanya kazi za vituo vidogo, maana hakuna anayeuliza swali hilo kwa bahati. Niliiangalia ile rula.

"Kumi."

"Na mnaandika?"

"Tunaandika."

"Kumbe ushahidi mnao wenyewe," akasema, akifunika visahani. "Sikuambii ni nyinyi peke yenu. Hapa mjini kuna maduka yanauza rangi mbili mbilimbili kama andazi. Lakini kama mnatafuta aliyeanza, sisi wenyeji tuko mbele kwenye foleni."

Nilirudi na karatasi mfukoni. Kituoni Bwana Njohole alisoma kwanza mstari wa Rosa, akafungua kabati. Mstari wa pili, wa kwamba wadudu wa vibandani na wa kijijini wanafanana, ulimchukua muda mrefu zaidi. Nikamweleza na maneno ya fundi; akaniambia uamuzi wa mkutano si wake, ni wa kijiji, na kwamba habari za mwisho wa mwezi ni za dirisha la dawa, kwa hiyo nizungumze na dirisha.

Mzee Mponda alikuwa anafunga. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba. Nilitaka anipinge. Nilitaka aseme yule fundi hajui shida zetu, kwamba sanduku ni moja na watu ni wengi, na ingekuwa kweli. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua daftari la mwaka ule ambao wakimbizi walikuwa bado hawajaja, akalifungua kurasa za mwisho wa mwezi. Nusu. Nusu. Nusu. Miezi ya mwanzo kwa mwandiko wake wa kuinama, miezi ya baadaye kwa wangu uliosimama.

"Miaka yote nilidhani nawahurumia," akasema.

Nikamwambia hakuna anayelijua hilo isipokuwa sisi na yule fundi, na kwamba yeye amebakiza miezi michache astaafu. Naona aibu kuandika hivyo lakini nilimwambia.

"Kesho kutwa watu wanahamishwa kwa nusu ya maneno, Skola. Hata hiyo nayo ni nusu dozi." Akafunga daftari na kuliweka kwapani. "Mwandiko wangu nitausoma mimi. Wako utausoma wewe."

Jumamosi ghala lilijaa. Wakimbizi walikaa upande wa mlango, wengine wamekwisha funga mizigo. Mzee alimwomba mwenyekiti nafasi, akavaa miwani, akaanza kusoma. Hakutaja majina ya wagonjwa. Alisoma mwezi, dawa, na neno lile. Alisoma kwa sauti ileile aliyotumia dirishani, pamoja na kikohozi. Alipofika kwenye mwandiko wangu akanipa daftari. Nikausoma. Halafu nikasoma karatasi ya maabara, na nikasema kwamba mapindo ya kanga ni kosa kweli, yanadhoofisha dawa, lakini mapindo yametukuta sisi tukiwa tumeshatangulia, tena kwa miaka.

Mtu mmoja akasema kwa hasira kwamba kumbe tumekuwa tukiwaua. Mzee akamjibu, "Tulidhani tunagawana." Bibi mmoja upande wa wanawake akasema nyani haoni kundule, na watu wakacheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa ameshika barua ya kuhamisha watu, tayari ina mhuri, akaigeuzageuza.

"Sasa kama ni hivyo," akasema, "nani ahame?"

Akaikunja barua, akaiweka mfukoni, akaahirisha mkutano kwa sababu ya mvua, ingawa mvua haikuwepo. Barua haikutolewa tena. Anjelina na wenzake walifungua mizigo wakangoja mpunga wao.

Rosa alimeza dawa ya kabatini jua linapochomoza, la utosi, linapozama, na usiku, siku tano, mbele ya macho yetu wenyewe, kama tulivyozoea kuwafanyia wagonjwa wa kifua kikuu. Siku ya pili damu ilipungua. Siku ya tatu aliomba wali, akanuna kwa kupewa uji. Siku hiyo mama yake alinitazama nikihesabu vidonge vilivyobaki, nikajua anawaza nini.

"Mama Rosa," nikasema, "zitakazobaki utazifanyia nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuuliza swali hilo. Alifikiri.

"Nikizimaliza, nitakimbia na nini?"

Jibu nililipata kesho yake. Nilimletea pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji, zile tunazowapa wanaoharisha. Nikamweleza kwamba mtoto anayehara njiani huuawa kwanza na kiu, na pakiti hii itamweka hai mpaka amfikishe kwenye dirisha lolote la dawa. Nikamwambia pia kwamba zile kapsuli zilizovimba si dawa tena, ni rangi tu. Alilia. Alilia kwa muda mrefu, na nafikiri hakuwa analilia kapsuli. Kisha akaomba wembe, akafumua pindo mwenyewe, mshono kwa mshono, tukavitumbukiza vidonge vyote chooni. Aliposhona upya alishona pakiti za chumvi. Wiki hiyo wanawake wengine walikuja na mapindo yao, mmoja mmoja, wakijifanya wamekuja kupima uzito.

Mzee Mponda alifuta utaratibu wa nusu. Tangu hapo dawa ikiisha, iliisha, na dirisha liliandikwa hivyo kwa chaki. Msidhani ilikuwa raha. Nimetukanwa kwa lugha nne. Mama mmoja kutoka Masagati, aliyesafiri siku mbili, alinitazama bila kusema kitu, na huyo ndiye ninayemkumbuka zaidi kuliko waliotukana. Bwana Njohole aliandika barua wilayani mpaka tukaongezewa sanduku la katikati ya mwezi, baada ya muda ambao mnaweza kuukisia. Mzee alistaafu kimya, akaniachia kisu. Kipo kwenye droo ya kushoto, msikitumie kukatia mkate.

Vita vikaisha kwao, na siku ikafika wakaanza kurudi. Anjelina alipita dirishani asubuhi, mzigo kichwani, mumewe mbele, Rosa kwa miguu yake. Hakutaka dawa. Alisema watapelekwa kwa malori, kwa njia nyingine, na njia hiyo haipiti alipolala Joakimu. Akasema sisi watu wa serikali tunatumwa huku na huko, huenda siku moja mmoja wetu akafika Ruvuma. Kisha akanielekeza kaburi lilipo, polepole, akiwa ameweka kiganja juu ya daftari langu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Nikakosea mawe.

"Rudia."

Nilirudia mara tatu ndipo kiganja kikaondoka. Sijawahi kutumwa Ruvuma. Nimetumwa Kiberege, Mlimba, Morogoro, na semina nyingi zisizo na faida, lakini huko sikufika, na sasa magoti yangu hayaniruhusu kuahidi. Nyinyi bado mnatumwa. Kutoka pale wanapovukia Ruvuma kwa mitumbwi, upande wetu, fuata mto kwenda juu mpaka majabali mawili yanayotazamana. Hapo uuache mto, hatua arobaini kuelekea mkwaju uliopinda. Kuna mawe matatu, dogo liko katikati. Ng'oeni majani yaliyoota.

Rudieni.